UZI: Unasoma sayansi chuoni na sanaa hutaki kuiacha? Usibebe shahada mbili, tafuta swali moja

Mpigamsondo (Bagamoyo)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haitulii. Vijana wa hapa Bagamoyo wananijua kwa mambo mawili: nafundisha fizikia, na ngoma ikilia siwezi kukaa. Kwa hiyo wanaona mimi ndiye wa kuulizwa. "Mwalimu, nimesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na nimefaulu, lakini ngoma nacheza tangu mdogo. Chuo nikasome nini?" Mwingine anachora, mwingine anaigiza, swali ni hilo hilo. Wazazi nao wanapiga, ila wao huwa wameshapata jibu na wanataka nimsaidie kijana kulikubali. Nimeona niyaweke yote hapa ili kila anayeuliza nimtumie huu uzi.

Mimi ni mtoto wa Dunda. Chuo cha Sanaa, hii TaSUBa ya leo, kipo tangu 1981, na tamasha lake likaanza mwaka uliofuata. Mtoto wa mji huu anajua kutofautisha mlio wa msondo, ile ngoma ndefu, na wa chapuo, ile ndogo, kabla hajajua kusoma. Shahada yangu ni ya sayansi na ualimu, fizikia na hisabati, nimesomea chuo cha serikali Dar. Ngoma sikuiacha, na chuo nilimaliza kwa wakati.

Sasa msimamo wangu. Vijana wengi wakisikia kuchanganya sayansi na sanaa wanaelewa kwamba watasoma vitu viwili sambamba: mchana maabara, usiku mazoezi, na cha huku hakijuani na cha kule. Hiyo haiendi mbali. Fanyeni hesabu. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, awe darasani au anajisomea. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Ukipachika programu nyingine nzima juu yake unazungumzia saa 2,400, na hapo hujapika wala hujafua. Kule Marekani, chuo kikuu cha Brown na RISD, chuo cha sanaa, vina programu ya pamoja tangu 2008. Mwanafunzi anatoka na shahada mbili, moja ya Brown na moja ya sanaa ya RISD, lakini anakaa miaka mitano badala ya minne. Wenye maabara na studio za kila aina wameona lazima waongeze mwaka. Wewe ambaye bumu lako, yaani hela ya mkopo, limehesabiwa miaka mitatu, huo mwaka utautoa wapi?

Ninachowaambia vijana ni hiki: tafuta kitu kimoja unachokipenda, ukiulize swali ambalo huwezi kulijibu bila sayansi, na huwezi hata kuliuliza kama hujui sanaa yake. Halafu liingize kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Huo mradi upo tayari kwenye krediti zako. Hakuna sheria inayosema mradi wa fizikia lazima uhusu waya na betri.

Niwape mfano ninaoujua vizuri, ngozi ya ngoma.

Kila mtu hapa ameona wapigaji wakikoka moto wa makuti kabla ya shughuli. Jioni upepo wa bahari unakuja na unyevu. Ngozi imejaa kolajeni, protini inayonyonya maji, na ikishanyonya inalegea, mlio unashuka. Moto unayatoa maji, ngozi inakaza, mlio unapanda. Hilo hata mtoto wa chekechea wa hapa atakueleza. Lakini mwangalie fundi akiwa kazini. Anaisogeza ngoma motoni, anaigeuza, anaitoa, halafu anaigonga kwa ukucha wa kidole kimoja pembeni kabisa, karibu na ukingo, anazunguka nayo hivyo duara nzima. Pakilia chini kidogo, upande huo ndio unarudi motoni. Hapigi katikati hata mara moja mpaka pembeni pote pamelingana.

Kwa nini pembeni? Fizikia inajibu. Uzi wa zeze ukiupiga unatoa sauti ya msingi na juu yake sauti nyingine ambazo ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi, ndiyo maana sikio linasikia noti moja safi. Ngozi ya duara haifanyi hivyo. Ikiwambwa sawasawa, sauti zake za juu zinakuja kwenye mara 1.59, 2.14, 2.30 na kuendelea. Ukigonga katikati unaamsha zaidi ile ya msingi, zile nyingine nyingi zinalala. Ukigonga pembeni zinaamka, na kama mkazo wa upande mmoja umepungua, zile za juu zinagawanyika na sikio linakwambia hapo hapo. Fundi amegundua kwa sikio mahali ambapo hesabu inasema ndipo pa kusikiliza.

Kuna jingine. Masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hayapandi sambamba na mkazo, yanafuata kipeuo cha pili chake. Ukitaka mlio upande oktavu moja, yaani masafa yawe maradufu, mkazo unatakiwa uwe mara nne. Kwa hiyo mwishoni, pale ngoma inapokaribia mlio unaotakiwa, kila hatua ndogo ya mlio inadai nyongeza kubwa ya mkazo, na ngozi iko karibu kupasuka. Ndiyo maana fundi huwa mkimya zaidi dakika zile za mwisho, na ukimsemesha hakujibu.

Anayedhani haya ni mambo ya kijijini asiyostahili kuyasoma mwanasayansi, amtafute C. V. Raman wa India. Mwaka 1920 aliandika kuhusu ngoma za kwao ambazo zinabandikwa rojo gumu katikati ya ngozi, akaonyesha kwamba uzito ule unazivuta zile sauti za juu mpaka zinakaribia mara 2, 3, 4 kama za uzi. Mwaka 1930 akapewa Nobel ya fizikia kwa kazi ya mwanga. Ni mtu yule yule.

Vifaa je? Simu. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, haina malipo, na inakuchorea masafa ya sauti papo hapo. Ongeza kipima unyevu cha bei ndogo na mizani ya jikoni ya kupimia ngozi kabla na baada ya moto. Maabara yako imekamilika.

Na ngoma ni mwanzo tu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha hapa hapa Bagamoyo na kufariki 2003, alipiga ilimba, ala ya mkononi inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo mpangilio wa sauti zake haufanani na kinanda cha dukani. Sauti za muziki wa Wagogo zinatokana na zile sauti za asili za uzi nilizozitaja, mara 4 mpaka karibu mara 9. Ile ya mara 7 iko chini ya noti ya kinanda inayokaribiana nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Ndiyo maana ukimwekea mpiga ilimba kinanda pembeni, kuna mahali masikio yanakwaruzana. Kijana wa hisabati anayejua kupiga ilimba ana mradi mzuri kabisa hapo, na yule asiyejua kupiga hata hataona kama kuna swali.

Karibuni waliopita njia hii. Na anayepinga apinge, nitamjibu.

---

Mwana Mbegani

Mkuu heshima yako. Umeandika vizuri lakini naomba nipinge kidogo, maana nimesoma sayansi ya viumbe vya majini na najua moto wake.

Kwanza, mradi unakuja mwaka wa mwisho. Mpaka ufike huko umeshapita kwenye praktiko za mchana, majaribio na sapu, yaani mitihani ya kurudia. Mtoto aliyeacha ngoma miaka miwili, mkono umeshakufa. Pili, msimamizi. Nenda ofisini kwa mhadhiri umwambie unataka kuandika kuhusu ngoma, uone kama hakukwambia uhamie kitivo cha sanaa. Tatu, GPA. Mwenye ndoto ya kubaki chuoni kufundisha anahitaji GPA ya maana, na kila saa ya mazoezi ya ngoma inatoka kwenye saa ya kusoma. Ukweli usemwe, mwajiri akishika karatasi yako haangalii kama unajua kucheza.

---

Mpigamsondo (Bagamoyo)

Mwana Mbegani, hoja zako zote tatu ni za kweli na nashukuru umezileta.

La mradi kuchelewa: miaka miwili ya mwanzo sanaa iwe ndogo lakini isikatike. Vyuo vikubwa vina vikundi vya ngoma, kwaya na maigizo, jiunge na kimoja, kimoja tu. Likizo ndefu rudi nyumbani, shika ngoma. Na tangu mwaka wa kwanza uwe na daftari la maswali. Ukifundishwa mawimbi, andika swali la ngoma. Ukifundishwa joto, andika swali la ngozi na moto. Mwaka wa tatu ukifika huanzi kutafuta mada, unachagua.

La msimamizi ni la lugha tu. Ukienda na kichwa kinachosema "Ngoma za asili za pwani", atakufukuza na atakuwa na haki. Nenda na hiki: "Uhusiano kati ya kiasi cha unyevu kwenye ngozi na masafa ya sauti ya ngoma ya msondo." Hapo una kitu unachobadilisha, una kitu unachopima, una grafu. Atauliza kuhusu vifaa, mwonyeshe simu. Mhadhiri aliyechoka kusoma ripoti zile zile za kila mwaka atakusikiliza.

La GPA sikupingi. Ngoma haikupandishii GPA, na mtu asidanganywe. Ila hapo kwa mwajiri tunaachana. MIT ya Marekani inasifika kwa uhandisi duniani kote, na haimpi mwanafunzi shahada mpaka amalize kozi 8 za fasihi, sanaa na sayansi za jamii. Ashesi ya Ghana, iliyoanza 2002, hata anayesoma kompyuta anapitia uandishi, mambo ya jamii na masomo ya Afrika. Hawa wote wanafundisha watu watakaotafuta kazi. Na mimi mwenyewe ninapofundisha mawimbi naingia darasani na chapuo, na darasa halilali.

---

Kokoto

Mwalimu, mimi niongezee upande wa majengo. Nimesomea uhandisi ujenzi, lakini tangu shule nilikuwa mchoraji wa mkono, penseli na karatasi.

Waliofika magofu ya Kaole, kilomita kama 5 kusini ya mji, wameona msikiti wa karne ya 13 na makaburi yale ya nguzo. Watu wanapiga picha wanaondoka. Mimi nilikaa pale kuchora, na kuchora kunakulazimisha kuona. Mawe si ya aina moja. Kuta zimejengwa kwa jiwe la matumbawe la nchi kavu, gumu, la kuokota na kuvunja. Lakini sehemu zenye nakshi, kama kibla, wazee walitumia matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, kwa sababu yakiwa na maji ni laini, yanachongeka, halafu yakikauka yanakuwa magumu. Hiyo ni elimu ya vifaa vya ujenzi, imo ndani ya pambo.

Na chokaa yao ni kemia tupu. Unapanga magogo, unalundika matumbawe juu, unawasha tanuu. Joto likikaribia nyuzi 900 matumbawe yanaachia hewa ya ukaa, inabaki chokaa hai. Unaizimua kwa maji, inachemka yenyewe bila moto. Ukishaipaka ukutani inaanza kuivuta ile ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, inarudi kuwa jiwe. Mafundi wa zamani waliijua kwa mkono hesabu niliyopewa mimi ubaoni mwaka wa kwanza.

Faida ya kuchora niliiona kwenye nyumba moja ya kale huku mjini. Nilikuwa nachora ukuta uliokarabatiwa, nikawa kila mara nachora mstari wa unga mweupe kuzunguka kiraka cha saruji. Kwenye picha ya simu ule mstari hauonekani vizuri, unadhani ni mwanga. Kwa penseli lazima uuamue, upo au haupo. Ilikuwa chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji haipitishi, kwa hiyo maji yenye chumvi yanatafuta njia pembeni, yanakauka, chumvi inajenga fuwele ndani ya vitundu vya jiwe na kulimenya taratibu. Kiraka kinabaki kizima, jiwe la pembeni linaisha. Mradi wangu ulitoka hapo: chokaa dhidi ya saruji kwenye ukarabati, na michoro yangu iliingia kwenye ripoti kama ushahidi, sikuiweka kama mapambo.

Kwa hiyo naunga mkono asilimia mia. Swali moja.

---

Bi Chuda (Tanga)

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote. Mimi ni mama wa watoto, niko Tanga mjini. Binti yangu kasoma PCB na kapata vizuri tu, sasa ananiambia anataka kuchora. Daftari lake la bayolojia ukilifungua ni michoro mitupu, mizuri, sikatai. Baba yake anasema kuchora hakuna mlo, aende uuguzi au ufamasia. Mimi niko katikati. Hizo ngoma na kuta za Bagamoyo nimezielewa, lakini kwa binti wa bayolojia hilo swali moja linapatikana wapi?

---

Amani Juu (Muheza)

Shikamoo mama. Umeuliza na jibu liko huku huku kwetu.

Mimi nafanya kazi za mimea. Amani, huku juu milimani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na mpaka leo milima ya Usambara ina mimea mingi isiyoota kwingine popote duniani. Wanasayansi wakielezea mmea mpya, mara nyingi wanauchapisha na mchoro wa wino, hata zama hizi za kamera. Sababu ni kwamba picha inaonyesha ua moja lililokuwepo siku ile, na upepo wake na kivuli chake. Mchoro unaonyesha jani, ua lililopasuliwa katikati, stameni, tunda na mbegu, vyote kwenye ukurasa mmoja, kila kimoja na kipimo chake pembeni.

Chukua dugulushi, lile ua la zambarau la Usambara ambalo wazungu wanalifuga madirishani. Lilipelekwa Ulaya kutoka huku mwaka 1892 na Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire. Mimea hii inafanana mno. Njia mojawapo waliyoitumia sana wataalamu kuitofautisha ni vinyweleo vya juu ya jani: virefu au vifupi, vimesimama au vimelala, vya namna moja au vimechanganyika. Mama, huwezi kuvichora vinyweleo hivyo kama hukuviangalia kwa lenzi, na huwezi kujua vipi ni vya maana kama hujasoma botania. Mchoraji wa kawaida atachora jani zuri la manyoya. Mwanabotania asiyejua kuchora atakuwa nayo kichwani tu. Binti yako anavyo vyote viwili.

Akasome botania au uhifadhi wa viumbe hai, sanaa yake imfuate humo humo. Watu wa huduma hii ni wachache, na kazi za vitabu vya shule, mabango ya hifadhi na ripoti za watafiti zipo.

---

Bi Chuda (Tanga)

Marhaba mwanangu, umenitoa tongotongo. Vifaa ni ghali? Maana asije akaanza akaishia njiani.

---

Amani Juu (Muheza)

Si vya kutisha mama. Penseli ngumu ya 2H, kalamu ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba, karatasi nzito laini, na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Lenzi ndiyo asiikose. Aanze na jani la mwarobaini la hapo uani. Apime kila kitu kwa rula kabla ya kuchora, na kila mchoro auwekee mstari wa kipimo. Akija Muheza nitamwonyesha mimea iliyokaushwa na michoro yake ikiwa pamoja, baba yake naye akija itakuwa bora zaidi.

---

Mzee wa Magomeni

Salaam. Mimi si msomi, nawamba ngoma. Kijana wangu ndiye ananiandikia hapa.

Nimesikia mnavyosema fundi hivi, fundi vile. Wanafunzi wanakuja kwangu, wengine wanatoka vyuo vya mbali. Wanarekodi, wanapima, wanauliza ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, natoa majibu mpaka magharibi. Wakiondoka wameondoka. Wao wanavaa joho, mimi sijui hata waliandika nini. Sasa mwalimu, katika hilo swali moja lako, mimi niko wapi?

---

Mpigamsondo (Bagamoyo)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyoulizwa humu, na kijana yeyote anayesoma uzi huu alisome mara mbili.

Msimamo wangu ni huu. Mwanafunzi anayekwenda kwa fundi anakwenda kwa mwalimu. Kama kwenye bajeti ya mradi umeandika hela ya kemikali na ya nauli, andika na ya muda wa fundi. Kabla hujatoa simu kurekodi, mwambie unataka nini, utakiandika wapi, na umuombe ruhusa, akikataa jambo fulani lisiandikwe basi liachwe, maana kuna ngoma ambazo si za kila sikio. Jina lake, kama ameridhia, lisiishie ukurasa wa shukrani. Liingie kwenye sura ya mbinu: maelezo haya yametolewa na fundi fulani, na hatua hizi ndizo alizozielekeza. Mzee aliyenifundisha mimi kuwamba yumo kwenye ripoti yangu kwa namna hiyo.

Halafu rudi na majibu. Kaa naye umsomee grafu kwa Kiswahili. Si heshima tu, hata sayansi inafaidika. Nilipomweleza mzee wangu kwamba ngozi nene ilitoa mlio wa chini kwa mkazo ule ule, aliniambia nipime tena karibu na uti wa mgongo wa mnyama, kwa sababu hapo ngozi haifanani na ya tumboni. Kitabu changu kilikuwa kinachukulia ngozi ni ile ile kila mahali. Nilivyopima, ile tofauti ilikuwepo. Sura nzima ya ripoti ilitoka kwenye maneno yake.

---

Mzee wa Magomeni

Hapo sawa. Ya mgongoni na tumboni umepata kwa mtu anayejua. Ukiwa na kijana wa kweli mlete, ila asije Ijumaa, na aje amevaa nguo ya kazi maana atakuna ngozi manyoya yeye mwenyewe kwanza.

---

Mwana Mbegani

Mzee kanifurahisha. Mwalimu, la msimamizi na lugha nimelikubali. La GPA bado nashikilia, mtu ajipime. Ila nimekumbuka kwetu pwani kuna mafundi wa mashua wanaojenga bila ramani, wanapima kwa macho na kamba, na ngalawa inasimama majini sawasawa. Kijana wa PCM anayependa uchongaji akasimame pale na swali la ueleaji na uzito, atapata cha kuandika.

---

Kidato Six Mwaka Huu

Samahani wakuu, mimi ni mdogo wenu, nimemaliza PCM, niko hapa hapa Bagamoyo. Napiga ngoma na marimba. Nimesikia kidato cha tano sasa kuna tahasusi mpya nyingi zenye muziki na sanaa, tangu 2024 zimefika 65 kutoka 16. Sisi tuliosoma zile za zamani tumepitwa? Na je, niombe TaSUBa kwanza halafu chuo kikuu, au chuo kikuu moja kwa moja?

---

Mpigamsondo (Bagamoyo)

Mdogo wangu hujapitwa. Hizo tahasusi ni jambo jema, lakini PCM yako inakufungulia kozi za fizikia, hisabati na uhandisi ambazo mwenzako wa muziki huenda asiziingie. Wewe ngoma unayo mkononi tayari, na hiyo hakuna cheti kinachokudai kwanza.

Kuhusu kuanza TaSUBa: kama unataka sanaa iwe kazi yako kuu, nenda kasome cheti au stashahada kule, ni chuo cha maana na usimsikilize anayekidharau. Kama unataka fizikia na ngoma ibaki hai, omba chuo kikuu sasa hivi wakati dirisha la udahili liko wazi. Usiache mwaka upite, na mkopo nao una tarehe zake za kuomba. Kwa TaSUBa ulizia kozi fupi. Nenda mwenyewe ofisini kwao kabla hujasafiri, uliza ada na tarehe, maana ratiba yao haifuati likizo za chuo kikuu.

Ukishapata chuo, angalia kwenye kitabu cha programu mambo mawili: mradi wa mwaka wa mwisho una krediti ngapi, na kozi za hiari unaruhusiwa kuchukua nje ya idara yako au la. Vyuo vinatofautiana sana hapo, na hilo ndilo litakalokwambia una nafasi kiasi gani. Ukikwama kusoma jedwali lake nitumie picha hapa hapa, tuliangalie wote. Na kama unataka kwenda kwa Mzee wa Magomeni, niambie, nitakupeleka Jumamosi baada ya alasiri.

---

Kidato Six Mwaka Huu

Asante sana mwalimu. Jumamosi nitakuwepo. Kitabu cha programu nimeshakipakua, mradi umeandikwa krediti 12 na kozi za hiari inasema "kwa idhini ya mkuu wa idara". Hiyo idhini inaombwaje?

---

Mpigamsondo (Bagamoyo)

Kwa barua ya ukurasa mmoja, wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya usajili wa kozi kufungwa. Taja kozi unayoitaka, namba yake, inafundishwa siku gani, na uonyeshe kwamba haigongani na praktiko zako. Sentensi moja ya sababu inatosha, na iwe sababu ya kifizikia. Kabla hujaipeleka, muone mwalimu wa hiyo kozi akubali kukupokea na aweke sahihi chini. Mkuu wa idara akiona sahihi ya mwenzake tayari ipo, kazi yake inakuwa nyepesi.